Mtoto wa Jirani Naye Ni Mfanyakazi

Haya ni mazungumzo niliyowapa wenye biashara ndogondogo hapa Lamu, Jumamosi baada ya alasiri, uani kwa mwenzetu mmoja Langoni. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa ajili ya waliokosa mashua ya Mokowe na wale wa Faza waliozuiwa na upepo. Karatasi nilizobandika ukutani nimeziacha. Hata waliokuwapo hawakuziona, jua liliwapiga machoni.

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaotafuta njia ya kutoroka.

Nianze na swali. Nani hapa ana mfanyakazi? Inueni mikono.

Naona mikono saba. Humu uani tumejaa mpaka kwenye ngazi, na mikono ni saba! Haya, niulize vingine. Nani ana kijana anayemsaidia dukani? Nani ana dada anayempikia wageni? Nani ana nahodha na mabaharia wawili kwenye mashua yake? Nani ana mtoto wa jirani, mamake alimleta kwa mkono akasema, "Huyu ni mwanao, mtazame"?

Ehe. Sasa mikono imejaa.

Basi huyo wa mwisho ndiye ninayekuja kumzungumzia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina kifungu cha "ananisaidia tu". Akifanya kazi yako nawe ukamlipa, ni mfanyakazi. Yaya wa nyumbani ni mfanyakazi. Mpwa wako unayemlipa akuangalilie duka ni mfanyakazi. Na yule anayepeleka punda wako na mchanga na mawe kwenye majengo, naye pia.

Mimi si wakili. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita huko Mkomani, na nilishtakiwa nikashindwa. Hicho ndicho cheti changu. Mwenye cheti kikubwa zaidi asimame anitoe hapa.

Kijana aliyenishtaki alikuja kwangu na miaka 19. Mamake na mimi tumecheza pamoja utotoni, nyumba zetu zinapakana ukuta. Alianza kwa kufungua mlango na kupokea mizigo ya wageni gatini. Baadaye akajifunza jikoni, na wallahi alinishinda kwa samaki wa kupaka. Nilimlipa shilingi 3,000 kila Alhamisi jioni, mkononi. Miaka minne. Je, tuliandikiana? Hata kipande cha karatasi ya kufungia mahamri hatukuandikiana. Idd nilimnunulia kanzu. Mamake alipolazwa nililipa mimi. Alipooa, kitanda na godoro vilitoka kwangu. Nani angeniambia mimi si mwajiri mwema?

Siku moja nina wageni wanane juani, wanasubiri staftahi, na yeye hayuko. Alikuja saa tatu, na ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikamwambia pale pale, mlangoni pa jikoni, mbele ya watu: "Toka. Usirudi." Akavua aprini, akaiweka juu ya kifuniko cha sufuria, akaenda zake. Jambo zima halikuchukua muda wa kukaanga mahamri moja.

Miezi minne baadaye nikaletewa barua ya wakili. Kesi ilifunguliwa Malindi. Mnaijua safari yake: alfajiri mashua mpaka Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi, jua limekwisha kuwa kali nawe hujatia kitu tumboni. Unalala. Asubuhi unaingia mahakamani, kesi inatajwa kwa dakika kumi, unaambiwa rudi mwezi ujao. Nilizihesabu safari mpaka sita, nikaacha kuhesabu.

Mwishowe nikasimama kizimbani. Wakili wake, kijana mpole kabisa, akaniuliza: "Mkataba uko wapi?" Sina. "Alikwenda likizo lini?" Nikasema, kila Kusi, msimu wageni wanapokatika, tukifunga alikuwa akikaa kwao wiki tatu. "Siku hizo ulimlipa?" Nikanyamaza. "Kabla ya kumfukuza ulimpa nafasi ya kujieleza?" Nikasema, nilimwambia jikoni. "Wewe ulimwambia. Yeye alisema nini?"

Jamani, yeye alisema nini? Hakusema kitu. Sikumpa nafasi hiyo.

Niwape hesabu, kwa sababu hesabu haina haya. Mshahara ulipigwa 12,000 kwa mwezi. Badala ya notisi ya mwezi mmoja, 12,000. Likizo: sheria inampa mtu siku 21 za kazi zenye malipo kila anapotimiza mwaka. Gawanya 12,000 kwa siku 26 za kazi, zidisha kwa 21, utapata 9,692. Mara miaka minne, 38,769. Kiinua mgongo cha siku 15 kwa kila mwaka, kwa kuwa sikumwandikisha NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, 27,692. Posho ya nyumba, asilimia 15 ya mshahara, 1,800 kwa mwezi, miezi 48: 86,400. Mwisho, fidia ya kumfukuza kinyume cha sheria. Sheria inaruhusu mpaka mishahara ya miezi 12. Mimi nilihurumiwa, nikapigwa mitano: 60,000.

Jumla, 224,861. Gharama za kesi juu yake.

Na kanzu? Na kitanda? Na bili ya hospitali? Jaji alinisikiliza kwa adabu, lakini kanzu haina kifungu. Yote niliyompa kwa mapenzi yalihesabiwa sifuri, na yote niliyokuwa nikidaiwa kwa haki yalihesabiwa mpaka shilingi ya mwisho. Halafu kuna deni ambalo hukumu haikulitaja. Ramadhani mbili zilipita sahani za futari hazivuki ukuta baina yangu na mamake. Mnaojua mitaa yetu mnajua hilo ni zito kuliko laki mbili.

Sasa tazameni ile posho ya nyumba, 86,400. Ndiyo iliyonivunja mgongo, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote kuepuka. Mimi kichwani mwangu, ile 3,000 ya wiki ilikuwa ya kila kitu, kodi ndani yake. Kumbe kichwani si mahali pa kuweka mkataba. Sheria inamtaka mwajiri ampe mtu nyumba au posho ya nyumba, isipokuwa mkataba wenyewe umesema kwamba mshahara ni wa jumla na fedha ya kodi imo. Sentensi moja! "Mshahara huu ni wa jumla, pamoja na posho ya nyumba." Angalieni tu kwamba ukiiondoa hiyo posho, kinachobaki kisiwe chini ya mshahara wa chini uliowekwa na serikali. Mshahara huo hutofautiana kwa mji na kwa kazi, wa Lamu si wa Mombasa, nao hupanda. Nyongeza ya asilimia 6 ilianza Novemba 2024. Wangapi humu mliiona? Mimi niliambiwa na mpishi wangu.

Kwa hiyo mkataba. Kazi ikifika miezi mitatu, hata ukiijumlisha kwa siku za vipande, lazima iandikwe, na wa kuandika ni mwajiri. Hupaswi kumngoja kijana alete karatasi. Andika majina, kazi, mahali, saa, mshahara na unalipwa lini, likizo, notisi. Atie sahihi, na asiyeandika atie kidole gumba. Usipoandika, mfanyakazi akisema tulikubaliana hivi, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba sivyo. Utathibitisha na nini? Na mwiko?

Kuna na hili neno letu "kibarua". Tunalipenda, tunadhani ni hirizi. Huyu ni kibarua, namlipa kwa siku, hana madai. Sheria inasema kibarua akikufanyia kazi mfululizo siku zikafika mwezi, anageuka kuwa mfanyakazi wa mwezi, notisi ya siku 28 ikiwemo, na akitimiza miezi miwili haki zake zote zinamfuata. Hakuna kibarua wa miaka minne. Hayuko. Nimemtafuta kwa 224,861 sikumpata.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni: kuandikiana ni kutoaminiana, sisi wenyewe kwa wenyewe. Mzee wangu, sote tumepita chuoni. Tumeamrishwa nini kuhusu deni? Liandikwe, na mashahidi wawekwe. Haikusemwa liandikwe kwa usiyemwamini peke yake. Na mshahara ni nini kama si deni linalozaliwa upya kila siku jua likichomoza? Ile ya kumlipa mtu kabla jasho halijakauka sitawasomea, mnaijua kuliko mimi. Nawauliza tu: utajuaje umemaliza kulipa kama hamkuandika kiasi?

Haya, makato. Hapa nitaenda mbio kwa sababu naona nyuso zinakunjamana.

Mfanyakazi wa 12,000. NSSF, asilimia 6 kwake na asilimia 6 kwako: 720 na 720. Bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75 kutoka kwake peke yake: 330. Ushuru wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako: 180 na 180. Kodi ya mapato haimfikii, kwa kuwa yuko chini ya 24,000, lakini ripoti ya KRA, mamlaka ya kodi, unaipeleka hata ikiwa ni sifuri. Kuna na shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa kila mtu kwa mwezi. Yeye atapokea 10,770. Wewe, juu ya mshahara, umetoa 950. Kila kitu kifike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, maana ikipita faini zinaanza kuzaana kama paka wa Lamu.

Ni 950. Nyingi? Kwa mwenye vyumba sita wakati wa Kusi, ndiyo, ni nyingi, sitawadanganya. Lakini anayechangiwa NSSF hana tena madai ya kile kiinua mgongo. Ile 27,692 ingekuwa hewa. Tena mtu akiugua, kadi yake inafanya kazi, hakuji kukugongea mlango usiku. Mpe na hati ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa. Kukata bila kupeleka, hapo si uzembe tena, hapo umemwibia, na simwiti mtu jina jingine.

Kwa kuwa nimetaja kukata: sahani zilizovunjika. Mnakata, najua mnakata. Huwezi kumkata mtu kwa sahani iliyomponyoka. Unaweza kukata kiasi cha haki kwa alichokiharibu kwa makusudi, na mweka fedha aliyepungukiwa kwa uzembe au udanganyifu, kama mkataba wake unasema amekabidhiwa fedha. Na makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Basi.

Nirudi kwenye kufukuza, maana hapo ndipo hasira zetu zinapotugharimu.

Mwenzetu mmoja anauza mafuta ya mashua. Yuko hapa, ameniruhusu nieleze bila kumtaja, na nyote mmeshamgeukia kumtazama. Mwaka jana alipotelewa na madumu matatu ya petroli, ya lita ishirini ishirini. Akajua ni kijana wake, kwa kuwa kijana alionekana na dumu moja Jumapili anakwenda kuvua. Akaja kwangu anatetemeka kwa hasira, anataka polisi, anataka kumtupa nje usiku ule ule. Nikamwambia keti, kunywa kahawa, kisha andika.

Akaandika barua. Kwa Kiswahili, tena Kiswahili chetu cha Amu. Hakuna mahali sheria inapodai Kiingereza. Inachodai ni lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Barua ilisema: madumu matatu yamepotea tarehe fulani, unatuhumiwa, njoo Alhamisi saa nne ujieleze, na una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako. Alhamisi wakaketi nyuma ya duka, watu wanne, na binti wa mwenye duka akaandika kila lililosemwa katika daftari la shule la kurasa 96.

Kijana akasema: dumu moja ni mimi, nilikuwa nilirudishe Jumatatu, nilikosa samaki nikaona haya. Mawili siyajui. Mwenzake akasema: mawili aliyachukua kaka yako, bosi, usiku ule mashua yake ilipokwama Manda. Akasema atakwambia.

Hakumwambia. Kaka mtu akaulizwa, akapiga kichwa: nilisahau!

Hebu fikirini. Angemfukuza usiku ule kwa madumu matatu, na mawili yako kwa ndugu yake wa tumbo moja. Kijana alipewa barua ya onyo, akakubali kwa maandishi kulipa dumu moja kidogo kidogo, na mpaka leo ukienda kununua petroli ni yeye atakayekupimia. Kumsikiliza mtu kabla ya kumfukuza ni kifungu cha 41. Mimi nilidhani ni kifungu cha kuwalinda wao tu.

Na kosa likithibitika? Mwondoe, kwa barua yenye sababu, umlipe siku alizofanya na likizo yake iliyobaki, umpe na cheti cha kazi. Hata mwizi anapewa cheti cha kazi. Kinasema alifanya kazi gani, toka lini mpaka lini. Hakisemi ni mtu mwema.

Sasa Kusi. Haya ni yetu, watu wa Nairobi hawayajui. Masika yakiingia wageni wanakatika, tunafunga, tunawaambia vijana "nendeni, tutaitana". Tunaitana kwa sheria gani? Mkataba unaendelea hata mlango ukifungwa. Zipo njia tatu, na mimi nimezijaribu mbili. Ya kwanza, wape likizo zao za mwaka wakati huo huo, siku 21 zenye malipo, na siku zinazozidi mkubaliane kwa maandishi kwamba ni likizo isiyo na malipo. Mkubaliane, nasema. Kuwatangazia si kukubaliana. Ya pili, mkataba wa muda maalumu, kwa mfano Julai mpaka Aprili, unaoisha wenyewe siku yake ikifika. Huu ni mzuri, ila usimwambie mtu kila mwaka "usijali, nafasi yako ipo", kwa sababu ukimzoesha ataweza kudai kwamba ulimpa matarajio. Ya tatu ni kupunguza wafanyakazi kabisa: notisi ya mwezi mmoja kwake na kwa afisa wa leba, na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Hiyo bado sijaifikia, alhamdulillahi.

Wenye mashua, najua mnangoja bima. Mtu wako akiumia kazini, sheria ya fidia ya ajali kazini, nayo ya mwaka 2007, haiulizi kwanza nani mwenye kosa. Baharia wa siku moja naye yumo. Wakati hawezi kazi unaendelea kumlipa, na akiwa hawezi tena kabisa maisha yake yote, ni mapato ya miezi 96. Miaka minane! Nilimwona baharia, vidole viwili vimenaswa na kamba ya nanga, na mwenye mashua akiuza mashua yenyewe ili alipe. Akauza mashua, na aliyeumia akakosa hata mashua ya kurudia. Kwa hiyo bima hii si ya hiari, sheria inaitaka. Ulizieni bei kwa mawakala wawili watatu kabla hamjalia kwamba ni ghali. Ajali ikitokea, iripotiwe ndani ya siku saba, na ikiwa ya kifo ndani ya saa 24.

Bibi aliyenong'ona kule nyuma kuhusu mimba, nimekusikia. Miezi mitatu, mshahara kamili, na akirudi anarudi kazini kwake. Humfukuzi kwa mimba. Baba wa mtoto ana wiki mbili. Ndiyo, mzee, na yeye. Msicheke.

Na kwa wale wanaohofia kesi za zamani: mfanyakazi ana miaka mitatu ya kudai. Kwa hiyo yule uliyemtoa mwaka juzi kwa mwiko, bado mko pamoja. Mtafute, mkae, mlipane, muandikiane. Tena siku hizi kesi za wanaopata chini ya 80,000 kwa mwezi husikizwa na mahakimu, hamna haja ya kulala Malindi kama nilivyolala mimi. Sijui kama hiyo ni habari njema au mbaya kwenu.

Pale mezani, karibu na birika, kuna karatasi. Ni mkataba wa kurasa mbili, wa Kiswahili, niliorekebishiwa na wakili, yule yule aliyeniuliza "yeye alisema nini?". Tumekuwa marafiki. Nimechapisha 60. Chukueni moja kwa kila mtu mnayemlipa, mjaze mbili mbili, moja yenu na moja yake, na yenu muiweke, hata akiondoka muiweke miaka mitano. Mahali penye nukta ni pa kiasi cha mshahara, na mstari wa chini yake ni ile sentensi ya posho ya nyumba. Kalamu nimekuja nazo mbili tu, kwa hiyo pangeni foleni, na atakayeanza awe mwenye uani huu, maana nimemwona kijana wake anapita na kahawa tangu tulipoanza, na nimemuuliza: ana miezi saba hapa, na hana karatasi.